Funda la Maji la Mwandishi wa Rukanga

Haya ninayoyaeleza yalinipata mimi mwenyewe, mchana wa jua kali, nikiwa na akili zangu timamu. Ukitaka kucheka, cheka sasa, ili baadaye unisikilize.

Mume wangu aliuawa na ndovu kule Rukanga, chini ya mlima Kasigau, akilinda shamba letu la mahindi. Alikuwa peke yake kibandani. Kwenye matanga watu walinong'ona kwamba alilewa akalala, na wanangu waliwasikia. Nilihamia Mraru, nikaishi na fedheha ile kama mtu anavyoishi na jino bovu.

Enzi za uhai wake nilikuwa nimejiunga na gumbaru, mtu mzima mwenye wajukuu, nikijifunza kusoma. Alinitania kwa kuniita "Mwalimu". Jina hilo alilitamka tukiwa wawili tu, taa imezimwa. Hata watoto wetu hawakulijua. Likumbuke.

Mwaka jana, mwezi wa Agosti, nilinunua kijitabu cha hadithi katika soko la Voi. Mtungaji wake alisemekana kuishi Rukanga na kutopokea wageni. Wengine walidai ni karani aliyefukuzwa kwenye shamba la mkonge; wengine, kwamba jina analotumia ni la mtu aliyekwisha kuzikwa. Katika hadithi mojawapo, mlinzi wa shamba anasimama mbele ya ndovu akipiga debe, na kwa pumzi yake ya mwisho anauliza: "Mwalimu amefika herufi gani?"

Niambie, wewe ungepata usingizi?

Jumamosi ya kwanza ya Septemba nilipanda bodaboda hadi Rukanga. Mama mmoja aliyekuwa akipura kunde alinionyesha nyumba.

"Mama, huyo unamwendea na njaa? Tangu ahamie hapa hatujaona moshi jikoni kwake."

"Sikuja kula."

"Haya. Ukimpata, mwambie jirani zake nao huitikia salamu!" Akacheka, akaendelea na kunde zake.

Mlango ulikuwa wazi. Mwanamume mwembamba, shati limenyooshwa vizuri, aliinuka mezani.

"Karibu, Mwalimu," akasema.

Nilimuuliza kama alikuwepo wakati mume wangu alipokufa. Alijibu kwamba alikuwepo. Mbona basi hakuita watu?

Sisi Wadawida tuna kutasa. Mwenye kinyongo hupiga funda la maji, hutaja linalomkera, kisha hulipuliza chini ili hasira imtoke, na baada ya hapo hatarajiwi kusema uongo. Nilikuwa nimebeba maji kwenye kibuyu kwa kazi hiyo. Tulitoka uani. Nilianza mimi, nikamtaja mume wangu, nikapuliza, vumbi jekundu likalowa. Kisha nikampa kibuyu. Alipiga funda hadi mashavu yakajaa, akapuliza kwa nguvu.

Niamini, niliinama nikatazama. Mbele yake vumbi lilikuwa kavu. Na kibuyu nilichokipokea kilikuwa na uzito uleule kiliokuwa nao nilipompa.

"Hakulala, Mwalimu," akasema kwa upole. "Alisimama."

Niliondoka bila kuaga, nikilia kwa furaha. Nilikuwa nimeupata ukweli wangu, ingawa shahidi wake ni kiumbe nisichoweza kukisimamisha mbele ya baraza lolote.

Mwezi wa Desemba kilitoka kijitabu kingine. Ndani yake mna mjane anayekwenda Rukanga na kibuyu. Kila neno ni letu, isipokuwa jambo moja: ameandika kwamba funda lake ndilo lililolowesha ardhi, na kwamba la mjane halikuacha hata tone.

Kwamba huo ni uongo, nilijionea kwa macho yangu. Sasa aliyedanganya kuhusu maji, nimwamini vipi kuhusu debe? Wanangu wakipiga simu, mimi hutaka kuwaambia kwamba baba yao alisimama. Badala yake huwauliza habari za wajukuu.

Kwa hiyo nakuonya: mgeni akikuita kwa jina ambalo marehemu wako pekee alilijua, geuza njia. Usimwombe akusafishie heshima ya mtu wako. Atakupa, kisha atakuachia shaka, na shaka hiyo utakaa nayo peke yako.

Mimi kila asubuhi nikisukutua kinywa uani, huinama kutazama kama vumbi limelowa. Mpaka leo hulowa. Na kesho nitainama tena.