Alama ya Ng'ombe kwenye Sikio la Panya

Mimi ni mkali, sikatai. Niliporudi kutoka Bariadi, kwenye semina ya walimu wa baiolojia, nikakuta wanafunzi wangu wameharibu utafiti wetu, nilifoka mpaka sauti ikakauka.

Shule yetu iko kijijini, Meatu. Maabara ilikuwa stoo ya mahindi, niliyomwomba mkuu wa shule hadi akachoka.

"Madam, mtafiti akija asipokuta cha maana, narudisha mahindi yangu," alinionya. Kwake panya ni wa kuua, si wa kusomeshea.

Mtafiti wa chuo kikuu alitupatia mitego ya bati na maelekezo: kila panya apimwe uzito, akaguliwe upele na viroboto, akatwe sikioni alama ya namba yake mwenyewe, kisha aachiwe aliponaswa. Kila mwanafunzi alitega kwao. Nilipokuwa semina, wakakata kama wanavyokatwa ng'ombe: panya wote wa nyumba moja, alama moja, ile ya zizi la baba. Sasa nani angejua yupi amekonda, yupi amepona?

Mtafiti alipokuja nilimweleza kosa lote, roho ikiniuma. Mkuu alikuwa ameshaanza kuipima stoo kwa macho. Mtafiti akaomba angalau awaone panya walionaswa asubuhi ile jikoni mwa shule.

Msichana mmoja wa kidato cha tatu, ambaye darasani kumtoa neno ni kazi, akavaa glavu, akamshika panya taratibu, akamgeuza sikio.

"Dokta, huyu siyo wa jikoni. Huyu wa kwetu. Na yule mwenye viroboto wengi ni wa kwa jirani, ng'ambo ya korongo."

Tukatazamana. Siku zote tuliamini panya wa jikoni wanatoka porini. Kumbe wanatoka majumbani, wanavuka korongo na viroboto wao, wanakuja kwenye unga wa watoto. Namba zangu nazo zingetuambia hivyo, baada ya kupekua daftari zima. Wao walisoma kwa macho.

"Msifute kitu," mtafiti akasema. "Sikio moja liwe la zizi, la pili liwe la panya mwenyewe."

Nilijivuna, jamani, na sioni haya kusema. Nikawaomba radhi wanafunzi kwa zile kelele zangu. Wakacheka.

Jumatatu mkuu akaingia maabara na mtego wenye panya anayekwaruza ndani, akanisalimu Kisukuma.

"Mwangaluka, Madam. Nimemnasa kwangu. Nimemkagua masikio, hana alama."

Hakuondoka. Akachukua chaki, akachora sikio ubaoni, akalikata pembeni mara mbili.

"Sisi kwa mzee, ng'ombe tulikuwa tunawakata hivi," akasema.

Msichana yule akaniangalia, akingoja ruhusa. Nikampa mkasi.