Nyuzi Nne za Kokubanza

Kama yupo mtu hapa Rugera aliyewahi kumkuta Kokubanza amekaa kitako mchana kweupe, mikono mapajani, basi ajitokeze tumwone. Hayupo. Mama huyu chai anakunywa amesimama, simu anaongea huku anatembea, na padri akirefusha mahubiri utamwona anakunja kanga yake, anaikunjua, anaikunja tena. Kibanja chake cha migomba na kahawa ni kisafi mpaka unaona aibu kukipita na viatu vyenye tope. Wenzake humtania kwamba akifa itabidi jeneza lifungwe kamba. Naye hujibu, "Lifungeni vizuri, maana nina kazi zangu."

Sasa mtu wa namna hiyo, eti anajifunza ukulele! Kigitaa cha nyuzi nne, kidogo hata ukikiona mikononi mwa mtu mzima unadhani amemnyang'anya mtoto. Majirani walicheka, nami siwalaumu. Lakini sababu alikuwa nayo.

Mumewe, Elipidius, alifundisha kwaya ya kigango tangu ujana wake. Mwaka jana, msimu wa kahawa, kiharusi kilimwangusha pale pale kwenye turubai la kuanikia. Mkono na mguu wa kulia vikalegea, maneno yakapotea. Kuelewa anaelewa kila kitu. Mwambie uongo uone atakavyokukazia macho. Ila akifungua kinywa hutoka "ba-ba-ba" tu, kisha anakifunga kwa hasira na kugeukia ukutani.

Kokubanza angevumilia hata hilo, kama si harusi. Binti yao, Joanitha, anayefundisha chekechea pale Omurushaka, alikuwa amechumbiwa na kijana wa Kyerwa, na siku ya kumuaga binti ilikuwa imeshapangwa. Ukoo wa Elipidius una desturi yake. Binti hupiga magoti mbele ya baba, baba humtamkia maneno ya kumruhusu aende, binti huitikia, ndipo anavuka mlango. Asipotamkiwa, hatoki. Baba akiwa hayupo, husema mdogo wake.

Kikao cha ukoo kikaamua kwamba atasema Kahigi, mdogo wake Elipidius. Kahigi hana ubaya. Ana sauti nzito na anapenda kusimama mbele za watu, basi. Lakini alipoinuka kushukuru kwa heshima aliyopewa, akasema, "Kaka yangu alikuwa mtu wa watu."

Alikuwa! Na Elipidius ameketi pale pale, anatafuna punje za kahawa walizokaribishwa nazo, kama wenzake wote.

Kokubanza sinia likamponyoka. "Shemeji, alikuwa? Kwani ameenda wapi?"

"Aa, shemeji, ulimi tu huo. Umeteleza."

Umeteleza! Tangu siku hiyo moyo wa Kokubanza haukutua. Baba aliye hai akisemewa mbele ya binti yake, watu watamhesabu amekwisha kuzikwa, na baya zaidi, hata yeye mwenyewe atajihesabu hivyo. Alimwona mumewe jioni ile jinsi alivyosukuma sahani ya bitoke, zile ndizi za kupika, bila kuonja. Akasema moyoni, huyu hawatamzika huku nikitazama.

Ndipo akakumbuka neno la dada mmoja aliyekuwa akimfanyisha Elipidius mazoezi kule hospitalini. Alisema wako wagonjwa waliopotewa na maneno lakini nyimbo zimebaki. Ukiwaimbia, maneno huja yamepanda juu ya wimbo. Kokubanza hakungoja kesho. Alisimama mbele ya mumewe na mwiko mkononi, akaanza kuimba wimbo mmoja ambao Elipidius mwenyewe aliutunga kwa ajili ya watoto wa Komunyo ya Kwanza.

Ole wake! Kokubanza hakujaliwa sauti. Anaanzia juu, anaangukia kwenye mfereji, anatokea upande wa pili na wimbo mwingine kabisa. Enzi za usichana wake, Elipidius huyo huyo ndiye aliyemtoa kwenye kwaya, akamwambia kwa upole akasaidie kupamba altare. Sasa mzee aliinua mkono wake mzima akaziba sikio.

"Haya, nimeelewa," Kokubanza alisema, akarudi jikoni akiwa amevimba.

Kwa hiyo alihitaji kitu cha kumshikia sauti. Shuleni kwa Joanitha kulikuwa na vigitaa vichache ambavyo mgeni fulani aliviacha, na Joanitha alikuwa akiwaimbisha watoto kwa kimojawapo. Jumamosi moja alipokuja nyumbani nacho begani, mama yake akamzuia mlangoni.

"Nifundishe hicho."

"Mama! Wewe?"

"Kwani vidole vyangu vimekatika?"

Hakumwambia ni kwa nini. Aliona ni dhambi kumtia binti matumaini halafu yasitimie. Alisema anataka kupoteza mawazo, naye Joanitha akamtazama, akakishusha begani.

Kujifunza kwenyewe, we acha tu. Mshiko wa kwanza wa kubana nyuzi ni wa kidole kimoja, watoto wa chekechea wanauweza. Lakini kidole cha Kokubanza kimeshika jembe na panga maisha yote. Akikiweka juu ya uzi mmoja kinafunika na wa jirani yake, na badala ya mlio kunatoka mgoto mkavu. Mshiko wa pili unataka vidole viwili, wa tatu unataka vitatu, na vyote vihame pamoja bila wimbo kusimama. Vyake vilihama kimoja kimoja, kwa malalamiko.

"Kaa, mama," Joanitha alimsihi. "Huwezi kujifunza huku unazunguka nyumba."

"Nikikaa nasinzia."

"Na usikimbize. Haraka haraka haina baraka."

"Na ngojangoja huumiza matumbo! Endelea."

Joanitha akamwachia kile kigitaa. Kokubanza akawa anapiga akisubiri maharage yachemke, akitoka kulisha mbuzi, hata katikati ya migomba, panga limechomekwa kwenye mgomba na yeye amesimama ananung'unikia vidole. Siku nyingine alikasirika akakitupa kitandani, akaapa hakigusi tena, na kabla ya kufika mlangoni akageuka kukichukua. Kilichomkera ni kwamba bidii yote aliyokuwa nayo haikumsaidia. Shamba ukiliongezea nguvu linaisha mapema. Uzi ukiuongezea nguvu unakoroma.

Hata hivyo siku zikapita na mishiko mitatu ikakubali. Alasiri moja, mvua imetoka kunyesha, aliupiga ule wimbo wa watoto tangu mwanzo hadi mwisho, vibaya lakini bila kusimama. Elipidius alikuwa amegeukia ukuta. Kokubanza akaurudia. Mara akasikia mngurumo mdogo, akadhani ni paka. Hakuwa paka. Mzee alikuwa anafuata wimbo kwa pua, na walipofika kwenye kiitikio, neno zima likatoka, safi, halijavunjika: "Bwana."

Kokubanza alipiga kelele mpaka kuku wakatawanyika. Kisha akashika mdomo, akaogopa kwamba amelitisha lile neno. Lakini neno lilirudi, na wiki iliyofuata likaja na wenzake. Alipoacha kupiga, yaliondoka yote. Alipopiga, yalirudi. Basi akafanya hila: akaondoa maneno ya kiitikio, akapachika ya kumuaga binti, "Nenda kwa amani, mwanangu Joanitha." Wakaimba mchana baada ya mchana, yeye akinong'ona na Elipidius akishika. Hakumwambia mtu. Akipita njiani na Kahigi alimsalimia kwa furaha isiyo ya kawaida, na Kahigi akawa anajiuliza kulikoni.

Sasa sikilizeni kosa alilofanya. Siku ya kuaga ilipokaribia, mvua zilipamba moto, na kile kigitaa kikaanza kulia kwa sauti iliyolala. Kokubanza ameishi na ngoma za kwaya ndani ya nyumba miaka yote. Anajua ngoma ikilala kwa unyevu unaisogeza motoni, ngozi inakaza, inaamka. Kila Dominika ya mvua walifanya hivyo. Akakiegemeza kigitaa kwenye mafiga, akatoka kuokota kuni. Aliporudi akasikia "tak!" Kile kibao kidogo kinachoshikilia nyuzi upande wa tumboni kilikuwa kimebanduka, gundi imeyeyuka, na nyuzi zote nne zimelegea zikining'inia.

"Yesu wangu, nimeua!" alisema. Akakaa chini. Ndiyo, alikaa, sakafuni jikoni, na hakuna aliyemwona.

Hakukaa sana. Alikifunga kwa kanga, akapanda bodaboda hadi Omurushaka kwa fundi seremala aitwaye Telesfori. Telesfori alikigeuza, akapuliza vumbi, akapaka gundi, akakibana kwa jiwe na mpira wa baiskeli.

"Kikae hivyo mpaka keshokutwa, mama."

"Keshokutwa ndiyo siku yenyewe!"

"Basi njoo asubuhi. Na usikiguse kabla."

Kungoja kulimtesa kuliko msiba. Aliosha masufuria yaliyokwisha kuoshwa. Alifagia ua, wanawake waliokuja kumenya ndizi wakachafua, akafagia tena wakiwa wameketi. Kesho yake akashindwa kabisa, akarudi Omurushaka, na Telesfori alipomwona anasogeza mkono kwenye lile jiwe akamfukuza: "Mama, ukigusa, sifungi tena mimi!" Kokubanza akarudi nyumbani akizisogeza nyuzi hewani kwa vidole, watu wa barabarani wakimshangaa.

Siku ikafika. Maturubai yakafungwa, pombe ya rubisi ikamiminwa, wageni wa Kyerwa wakaja na nyimbo zao. Kigitaa nacho kilikuja, kimeshika, ila nyuzi zilizokazwa upya hazitulii, ukizipanga zinateleza. Joanitha alikuwa amezipanga kwa haraka asubuhi, akiwa na rola kichwani. Alimkazia mama yake macho mekundu, na hapo Kokubanza akajua kwamba binti ameshabaini siku nyingi.

Joanitha akapiga magoti mbele ya kiti cha baba yake. Kahigi akasimama, akakohoa, akashika maikrofoni.

"Shemeji, subiri," Kokubanza alisema.

Akatoka nyuma ya wanawake na kigitaa kifuani. Kicheko kilipita chini ya turubai, kwa sababu kweli, mama wa bibi harusi amevaa gauni la kung'aa halafu anashika kitu cha watoto! Akaanza. Uzi mmoja ulikuwa umeshuka tayari. Akakimbiza, na alipokimbiza vidole vikapotea njia. Elipidius alimtazama bila kufungua kinywa. Kokubanza akarudia, kwa haraka zaidi. Kahigi akaisogeza maikrofoni mdomoni taratibu, kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyomchoma Kokubanza kuliko vicheko vyote. Imekwisha, akawaza, wanamzika sasa hivi.

Ndipo Elipidius akanyoosha mkono wake wa kushoto akaukandamiza juu ya nyuzi. Akazizima. Akasubiri watu wote wanyamaze, kama alivyozoea kuisubirisha kwaya. Halafu akaanza kupiga ubao wa kigitaa kwa kidole, polepole, pa, na pa, na pa, akimtazama mkewe usoni. Kokubanza akavuta pumzi. Akaingia pale alipoingizwa.

Elipidius akaimba. Sauti ilikuwa nyembamba, yenye mikwaruzo, lakini ilipanda ilipotakiwa kupanda.

"Nenda kwa amani," aliimba, "nenda kwa amani, Kokubanza."

Vidole vikasimama kwenye nyuzi. Jina hilo hajamwita tangu Joanitha azaliwe. Kwake alikuwa Mama Joanitha, kama ilivyo nyumba zote. Watu wakaguna. Kokubanza akainama sikioni kwake, machozi na hasira vimechanganyika. "Si mimi, mume wangu. Si mimi! Ni mtoto. Sema Joanitha."

Elipidius akatikisa kichwa kwamba hakukosea, akagonga tena ubao kwa kidole, akaimba vilevile, kwa jina lilelile.

"Jina amekosea," Kahigi alinong'ona, na maikrofoni ikamtangaza kwa wote. "Arudie? Au nimsaidie?"

"Asirudie, baba mdogo. Baba ameshatamka," Joanitha alisema kutoka magotini. Alikuwa analia wazi, wanja umefika mashavuni. Akainua uso kwa baba yake, akaitikia kwa sauti ya binti anayeagwa, ili wageni wote wa Kyerwa wasikie: "Ndiyo, baba. Ninakwenda."

Akainuka, akavuka mlango.

Vigelegele vikapasuka. Wanawake wakamkimbilia Kokubanza kumkumbatia, lakini alikuwa hasikii. Amesimama na kile kigitaa, na mkono wa Elipidius bado uko juu ya nyuzi, hautaki kuondoka.