Kikohozi cha Mkwe

Kabla Ndugu Apolinary hajaja, ofisi ya pamba pale Musoma ilikuwa na raha zake. Chai ya saa nne ilinyweka mpaka saa tano, na Keraryo, karani wa mapokezi, aliweza kusinzia huku kashika kalamu. Mwaka wa sabini na tatu wakaletewa mkuu mpya kutoka Dar es Salaam, kijana wa Bunda aliyesomeshwa na mapadri, suti ya Chunlai imenyooka, sauti ya mkato.

"Wanasema mgeni njoo mwenyeji apone," Keraryo alinong'ona. "Huyu kaja, tutaugua sote."

Siku ya kwanza mkuu akaweka sheria mbili. Kila asubuhi watumishi wasimame barazani wapeane naye mkono, maana katika Ujamaa hakuna bwana wala mtwana. Ya pili, undugu kazini mwisho. "Atakayeniletea habari za shangazi na binamu, ataondoka na virago vyake!" Wiki ile ile dereva aliyemwingizia shemeji yake kazi akaondoka na virago kweli. Tena mkuu alikuwa akiingia vyumbani bila hodi, akiwakuta watu wamevua viatu.

Lakini aliyekuwa kikaangoni hasa ni Boke, mpiga chapa, mjane wa Mwisenge ambaye ofisi nzima ilimwita Mama Clementi. Watoto wake walikula kwa vidole vyake. Boke aliposikia jina la mkuu mpya, moyo ulimlipuka. Robi, binti wa marehemu mdogo wake, ambaye yeye mwenyewe alimlea kule Butiama, aliolewa Dar es Salaam na mtu huyo huyo. Harusi ilimpita Boke akiwa kitandani na homa, wakwe wakawa hawajapata kuonana. Na kwao mama mkwe hamshiki mkwe mkono, hakai naye chumba kimoja, hatamki hata jina lake. Akithubutu, ni kama amejivua nguo sokoni.

Basi kila asubuhi mikono ikinyooshwa barazani, Boke yuko uani anakung'uta kanga isiyo na vumbi. Mkuu akiingia chumbani, yeye anajifunika uso na kutoka akiambaa ukuta. Akiitwa aandike imla, anamtuma Keraryo.

"Mama Clementi, mbona unakimbiaga? Mkono tu!" Keraryo alimsihi. "Mkuu anasema una kiburi."

Boke akaendelea kukung'uta kanga. Angesema nini? Kwamba mkuu ni mkwe wake? Angeambiwa anajikinga kwa undugu, na ya dereva aliyaona kwa macho yake. Akazidi kumkwepa mkuu, na maji yakamfika shingoni.

Siku ya Ijumaa Keraryo alimletea karatasi ya kuchapa. Ilikuwa barua ya kumfukuza kazi Boke mwenyewe. Jamani, kuna watu wana roho ngumu! Boke aliichapa yote, machozi yakimdondokea mapajani, wala hakukosea herufi.

Alikuwa anaichomoa kwenye mashine mwanamke mmoja alipoingia na mtoto mgongoni, vumbi la basi mpaka kwenye kope.

"Mama mkubwa!" alipiga yowe, akapiga magoti na kumkumbatia miguu. Alikuwa Robi, anamfuata mumewe.

Kwa kelele zile mlango wa ndani ukafunguka kwa kishindo. "Nani anageuza ofisi kilabu?"

"Baba Boke, unafoka nini?" Robi aligeuka. "Huyu ndiye mama aliyenilea. Mtoto wako amebeba jina lake."

Apolinary alisoma, ndiyo, lakini kabla ya mapadri alilelewa na bibi yake. Alijifunika uso kwa faili, akarudi kinyumenyume, akajifungia. Na kwa kuwa njia ya kutokea ilikuwa moja tu, mbele ya meza ya Boke, alishinda humo na njaa yake mpaka Boke alipochungulia saa, akacheka, akaenda zake nyumbani.

Jumatatu mkuu alisema na watumishi barazani, mgongo ameelekeza upande wa uani. "Nilikataza watu kuleta ndugu zao kazini. Yule mama sikumleta, nimemkuta. Na kumbe kila siku alikuwa ananiheshimu, mimi nikamwona jeuri. Ile barua ichanwe." Akaanza kuondoka. "Na habari ya mikono tuiache."

Tangu hapo hakuingia chumba chochote bila kukohoa kwanza mlangoni, kwa nguvu, kama mzee wa boma. Boke akisikia anatoka kwenda uani taratibu, na wengine wanapata nafasi ya kuvaa viatu. Keraryo alikiombea kikohozi kile kisipone.

Barua ya kwanza ambayo mkuu alimpelekea Boke baada ya ile iliyochanwa ilikuwa ya kuomba fundi aje atoboe mlango wa pili chumbani mwake. Boke aliisoma mara mbili. Akaichapa haraka haraka, na safari hii akakosea mara tatu kwa kucheka.