Kipembe cha Dirishani

Mwanangu hakulia. Nesi alimsugua mgongo kwa kitenge changu, akampiga nyayo, akamgeuza, midomo ikabaki na rangi ya zambarau. Nikasema, "Nipeni nimuone." Nje karasha za wachimbaji zilikuwa zinasaga mawe kama siku zote.

Nilikuwa na watoto wanne tayari, wote nimewazaa kwetu Kishapu, salama. Huyu wa tano mimba yake niliibebea huku machimboni Geita, nilikomfuata mume wangu. Asubuhi ile nilikwenda kituo cha afya kwa miguu yangu mwenyewe, uchungu unakuja, unakata. Nesi akachukua kile kipembe cha mti cha kusikilizia moyo wa mtoto, akakiweka tumboni, akatega sikio. Akasema mtoto yuko vizuri. Chumba kilikuwa na joto na dirisha lilikuwa halikai wazi, basi akakiegemeza kipembe pale dirishani lisijifunge. Mimi nikamshukuru kabisa.

Saa sita mchana daktari akapita. Aliishia mlangoni.

"Huyu bado tu?"

"Bado."

"Mtundikie dripu ya kuongeza uchungu, tumalize."

Uchungu ule sikuwahi kuujua. Wa siku zote unabana, unaachia, unapata kupumua. Huu ulibana ukakataa kuachia. Mlangoni alikuwa amekuja mchuuzi wa vitenge, na nesi anachagua. Nikamwita, "Dada, punguza hiyo dawa, uchungu haunipi nafasi."

"Mayu, mama wa watoto wanne na bado unadeka? Uchungu ukija hivyo ndiyo unazaa." Akaja, akaongeza matone, akarudi kwenye vitenge vyake.

Kipembe nilikiona pale dirishani mpaka mtoto anatoka.

Walituandikia rufaa kwenda hospitali kubwa. Kule mwanangu alikuwa anashtukashtuka mwili mzima, na siku ya pili akaacha, na kupumua akaacha. Daktari wa kule, mama mtu mzima, alikaa kitandani kwangu akanieleza. Ile dawa siyo sumu, wengi imewasaidia. Ila ukimwekea mtu usimwache. Tumbo likibana bila kupumzika mtoto anakosa hewa, kwa hiyo moyo wake lazima usikilizwe kila mara, na ukibadilika dripu inafungwa.

Narudi nyumbani, nesi alishawaambia wakwe zangu kwamba nilikunywa mizizi ya kuharakisha uchungu. "Hawa Wasukuma hawaachi." Mama mkwe mpaka leo ananiuliza ni nani alinipa. Siku ile nilikunywa chai tu.

Karatasi ya kituo iliyoambatana na rufaa nilirudi nayo, nikaifungia kwenye khanga niliyokuwa nimemwandalia mwanangu. Mimi niliishia darasa la tatu, maandishi ya hospitali siyawezi. Mwaka huu binti yangu mkubwa, anayesomea unesi Shinyanga, ndiye aliyeifungua.

"Mama, hapa wameandika mapigo ya moyo wa mtoto kila nusu saa. Yote mazuri, mpaka mwisho."

Nikamwambia asome tena. Akasoma tena.

Wewe nesi, na wewe daktari wa mlangoni, mpo hapa hapa. Tunakutana sokoni mnaniamkia shikamoo, nami naitikia marahaba. Pole zenu sizitaki. Njooni nyumbani, mkae mbele ya mume wangu na mama yake, mjibu jambo moja. Kipembe kilikuwa kinashikilia dirisha tangu asubuhi. Yale mapigo mliyoandika, mliyasikiliza kwa kitu gani?