Joka la Kiambazani

Mkaa uliolowa una harufu yake, kali kidogo, inayoganda puani. Mpaka leo, nikimaliza kuchora na kunawa mikono, harufu hiyo hunirudisha kijijini kwetu, juu ya Bumbuli, kwenye masika ambayo hayakutaka kuisha.

Nilikuwa na miaka minane, mtoto nisiyetulia. Bibi, mama yake baba, alisema nimezaliwa na siafu kwenye nyayo. Baba alikuwa kibaruani Tanga, hivyo nyumbani tulibaki watatu: Bibi, Mama na mimi. Mvua ikitufungia ndani, Bibi alijaribu kunituliza kwa hadithi za joka lenye kishungi chekundu kama cha jogoo, linalolala ndani ya mlima. Likichoka kulala, alisema, huteremka kwenda baharini, na mlima hushuka nalo.

Hadithi hizo, jamani, ndizo za kumtuliza mtoto? Nilianza kusikia ardhi ikipumua. Kukaa siwezi. Asubuhi moja nikachukua mkaa jikoni, nikalichora joka kwenye kiambaza cha sebuleni, ukuta mzima, kichwa kikielekea mlangoni. Nilipomaliza nikaliangalia, nalo likaniangalia. Nikapiga yowe.

Mama alikuja mbio kutoka shambani, matope mpaka magotini. Nikangoja kofi. Hakunipiga. Aliutazama ukuta, akanitazama mimi, kisha akamgeukia Bibi kwa ile sauti ya upole aliyomwekea mama mkwe peke yake.

"Mama, huyu mtoto hatalala humu. Twende naye kwa shangazi yake kule ng'ambo ya bonde, mpaka mvua ikatike."

"Nenda naye wewe," Bibi alijibu. "Mimi niliingia nyumba hii nikiwa bibi harusi. Nitatoka nimebebwa."

"Bila wewe hanyamazi, Mama."

Nikazidisha kilio. Bibi akasonya, akajitanda khanga, akanishika mkono. "Unanisumbua uzee wangu," alinung'unika njia nzima ya utelezi.

Kesho yake mchana, tukimenya viazi kwa shangazi, tulisikia ngurumo isiyo ya mawingu. Mteremko wa upande wetu ulishuka polepole, migomba ikiwa bado imesimama wima, kama abiria juu ya lori. Nyumba yetu ikaenda nayo. Bibi aliketi palepale kwenye tope.

Kwa miaka mingi niliamini ni mimi niliyeliamsha joka. Sikugusa mkaa tena mpaka nilipofika sekondari. Sasa ndiyo kazi yangu: nachora majoka na mazimwi ya hadithi za kale kwenye vitabu vya watoto. Nilipompelekea Mama kitabu changu cha kwanza, alikifunua taratibu, akacheka peke yake.

"Siku ile nilikuwa nimetoka kuona ufa kule shambani, nyuma ya nyumba," alisema. "Mkono mzima unaingia. Ufa huo ulipokuwa bado mdogo nilimwonyesha bibi yako, akanicheka. Sasa narudi najiuliza, nitamtoaje mkwe wangu ndani bila kumvunjia heshima? Ndipo nikakusikia unalia."

Siku ile nilidhani mwoga ni mimi peke yangu. Kumbe hofu ya Mama ilikuwa kubwa kuliko yangu, ila mkamwana hakuwa na ruhusa ya kupiga yowe, akaazima langu.