Kidole Kimoja na Nusu

Stanislas wa Kampemba alikuwa na vidole vinane, na mtaani kila mtu alijua viwili vilikwenda wapi. Vilikwenda na mkanda wa kupitishia mawe, kwenye kiwanda cha kusaga madini alikokuwa fundi: cha shahada na cha kati, vya mkono wa kushoto, asubuhi ya Jumanne, hata chai hajanywa. Kampuni ilimlipa dola mia tatu kwa kila kidole. Wakampa karatasi atie sahihi, wakamshukuru kwa miaka kumi na mmoja, na kesho yake mtu mwingine akasimama mahali pake.

Kupoteza kazi kulimuuma, lakini hakukumliza. Kilichomliza ni gitaa. Babu yake aliyetandika reli alipiga, baba yake aliyeendesha treni alipiga, na yeye tangu ujana alikuwa mpiga solo wa kwaya ya parokia na wa harusi za jamaa wote waliotoka kaskazini. Mpiga gitaa hubana nyuzi kwa mkono wa kushoto, akacharaza kwa wa kulia. Sasa huo wa kubana ulibaki na gumba na vidole viwili vya mwisho, visivyo na nguvu hata ya kufunga kifungo cha shati. Watu walimpa pole, wakamletea kuku, wakadhani yamekwisha.

Hawakumjua. Aliazima gitaa kuukuu la parokia, akapanga nyuzi zake upya, kinyume, akaanza kujifunza kama mtoto: wa kulia ubane, wa kushoto ucharaze kwa gumba na kidole cha pete. Miaka miwili. Marceline, mkewe, anayeuza samaki wakavu wa Kilwa ya ziwani sokoni, alisema afadhali angeolewa na kinu cha mahindi, maana kinu usiku hunyamaza. Watoto wa mtaa wakamwita Papa Gauche, yaani Baba Kushoto. Wenzake wa kwaya walishika lile gitaa mara moja tu, wakalirudisha, wakisema limerogwa, nyimbo zote zimo kichwa chini. Mwishowe padri akalidai kwa ajili ya vijana, na Stanislas akalipeleka mwenyewe. Alikuwa ameshaweza nyimbo tisa.

Adolphine, dada yake mdogo, yuko Ubelgiji, anaogesha wazee katika nyumba ya kutunzia wazee. Alihadithiwa habari hiyo kwa simu. Mwaka mzima akafanya kazi hata Jumapili, kisha akatuma picha: gitaa la umeme, jekundu, lililotengenezwa tangu mwanzo kwa mtu wa kushoto. Akalilaza ndani ya sanduku lake gumu, akatia nyuzi za akiba, akaandika kwenye karatasi za mzigo kwamba ni zawadi, akalipeleka kwa ndege. Alidhani zawadi haitozwi ushuru. Wengi hudhani hivyo, hasa walio mbali.

Mama wa forodha aliyelipokea jalada lake aliitwa Myriam. Hakuwa mtu mbaya, na nalisema hili mapema kwa sababu najua mnachongojea. Hakuomba kitu chini ya meza. Alimpa Stanislas kiti, akamwonyesha mstari kwa mstari: bei ya gitaa, nauli ya ndege, ushuru juu ya vyote viwili, kodi juu ya ushuru, na gharama ya ghala. Jumla ilikuwa dola mia nne na hamsini.

Stanislas alikuwa nazo. Hili nalo mlijue mapema. Zile mia sita za kampuni zilikuwa nyumbani, ndani ya kopo la bati chini ya kitanda, hazijaguswa. Mara mbili nyumba ile ililala na njaa zikiwa palepale. Msimwite bahili, waliomjua watawaambia pesa nyingine yoyote, makuta kama tusemavyo hapa, ilimtoka kama maji. Lakini hizi alizitoa, akazitazama, akazirudisha, na kwake hazikuwa noti. Akaigawa jumla ile ya Myriam kwa mia tatu.

"Mama," akasema, "hii iko kidole moja na nusu."

Myriam hakuelewa, mpaka alipoonyeshwa mkono. Alimpa pole, pole ya kweli, lakini bei ilikuwa ileile. "Papa, ulipe tu," akamwambia. "Siku zake zikipita, tutauzisha. Na kule ku mnada banakuya bantu ba kila namna."

Angelipa siku hiyo, nisingekuwa na la kusimulia. Lakini njiani alikutana na Désiré, jirani yake, aliyewahi kuwa wakala wa mizigo mpakani Kasumbalesa. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na za Désiré zilikuwa nyingi kuliko kichwa. Alimwambia asilipe hata senti. Mzigo usiochukuliwa hupigwa mnada, na wanaokuja mnadani hutafuta matairi na friji. Gitaa la mkono wa kushoto atalitaka nani? Litatajwa, watu watatazamana, na Stanislas ataondoka nalo kwa dola hamsini.

Na hilo la gitaa kutotakiwa, Stanislas alilijua kuliko Désiré. Miaka miwili mji mzima ulikuwa ukimwonyesha. Walimcheka, wakalikwepa gitaa lake kama chungu cha mganga, na kicheko kile kilimchoma sana. Sasa akaona kwamba dharau ya watu inaweza kumlipia ushuru. Hapo ndipo alipokosea, naye alikosea kwa akili zake zote.

Adolphine alipiga simu kila Jumapili. Stanislas akamwambia forodha wanasumbua, karatasi imepotea, mkubwa amesafiri. Adolphine akawalaani wezi wale, mmoja mmoja, na kaka yake hakumtetea Myriam. Marceline aliyasikia yote. Alimwambia ngoja ngoja huumiza matumbo, aende akalipe. Naye akajibu subira yavuta heri. Methali hazikosi, kila mtu huokota ile inayompendeza.

Mnada ulifanyika Ijumaa asubuhi, uani mwa ghala. Stanislas alichukua dola mia moja tu. Nyingine aliziacha chini ya kitanda makusudi, asije akapandwa na wazimu akazitoa. Yakaenda matairi, zikaenda friji, yakaenda mabalo mawili ya nguo. Sanduku likafunguliwa, na kwa mara ya kwanza akaliona gitaa lake kwa macho, jekundu, bado lina karatasi laini shingoni. Akataja hamsini. Watu wakatazamana, kama Désiré alivyosema.

"Sitini," akasema mwanamke mmoja aliyevaa kitenge kipya.

Aliitwa Cathy. Stanislas akataja sabini, yeye themanini. Tisini, mia moja. Hapo Stanislas hakuwa na cha kuongeza. Alimtazama Myriam, naye Myriam akainamia karatasi zake. Dola mia tano zilikuwa nyumbani, mwendo wa saa nzima. Gitaa likauzwa.

Alimfuata Cathy hadi langoni, akamwuliza kwake ni nani apigaye kwa kushoto. Cathy alicheka, bila ubaya. Kwake hapigi mtu. Alikuwa akifungua nganda, baa yake ya kwanza. Kuta zilipakwa kijani, na nyuma ya kaunta alitaka kitu chekundu. Stanislas alikuwa amewapima wapigaji wote wa mji huu, mmoja baada ya mwingine, akaona hakuna hatari. Mtu anayetaka gitaa la kutazama hakumpitia akilini kabisa. Alimsihi Cathy amwuzie, na Cathy, aliye mfanyabiashara, akaona kitu kinachokimbiliwa hivyo hakiwezi kuwa cha mia. Akasema mia tatu, ila aje kabla ya Jumatatu, kwa kuwa Jumatatu atakuja seremala.

Mia tatu. Kidole kimoja kamili. Jumamosi Stanislas alilitoa kopo, akazihesabu, akazirudisha. Marceline alimwambia nenda. Akasema kesho. Jumapili akazitoa tena, akaketi nazo mapajani mpaka chakula kikapoa, na simu ya Adolphine ilipolia hakuipokea. Mimi namlaumu, na bado nikijaribu kujiweka mahali pake sina hakika ningeondoka pale kitandani mapema zaidi. Jumatatu saa nne asubuhi akazitia mia zote sita mfukoni, mia tatu za kulipa na mia tatu za kumwonyesha Cathy kwamba hata akipandisha bei hana haja ya kumwambia arudi kesho, akaenda.

Seremala alikuwa amefika saa moja.

Gitaa lilikuwa ukutani. Skrubu nne ndefu zilipita katika kiwiliwili chake, na mbao ilipasuka kwenye skrubu ya pili. Nyaya za ndani ziling'olewa ili ziingie taa ndogo za rangi. Nyuzi zilitolewa, wateja wasizichezee. Na kwa sababu kichwa chake kiligusa rafu ya chupa, seremala alikikata kwa msumeno, akapiga msasa mahali hapo vizuri, akapaka vanishi. Cathy alisikitika. Alisema alimngoja siku mbili nzima, na ni kweli. Akamwomba aketi, akamletea soda, hakutaka pesa yake.

Stanislas hakuketi. Alipita nyuma ya kaunta, akaweka mkono wa kulia kwenye shingo ile isiyo na nyuzi, na vidole vikajipanga vyenyewe mahali pa wimbo wa kwanza. Hapo machozi yakamtoka, mbele ya yule mama na wasichana wake waliokuwa wakifuta meza. Simu ikalia. Alikuwa Adolphine, amepata mapumziko kazini, anauliza mbona jana hakupokea, na wale wa forodha wamesema nini.

"Ado, ba forodha habana makosa," akasema. "Gitare baliuzisha. Ni miye niliacha bauzishe. Makuta ya kulipa nilikuwa nayo."

Upande wa pili, kwa mbali, alisikika mzee mmoja akiita kwa Kifaransa, akitaka kuinuliwa.

"Makuta iko wapi?" Adolphine akauliza.

"Iko mu mufuko. Yote."

"Basi, yaya," akamwambia kaka yake, "piga ile makuta sawa gitare. Miye niko nasikiliza."

Hakukata simu. Stanislas alimsikia akipumua, akisubiri.