Sauti Iliyobaki Mbau

Nilipokuwa mtoto pale Kimemi, Butembo, mtaa mzima ulijua kwamba sauti ya mdogo wangu Muhindo ilibaki Mbau, kijiji tulikotoka. Vita vilipotufukuza huko, mama alimbeba mgongoni akichemka homa, tukalala porini. Kabla ya hapo alikuwa ameanza kusema "mama." Tulipofika Butembo homa iliondoka, na maneno nayo yakaondoka. Koko, bibi yetu, hakuwa na shaka: milio ya bunduki ilimshtua mtoto, sauti ikamtoka ikabaki njiani hukohuko Mbau. Dawa ni moja tu, kumrudisha palepale na kumwita jina mpaka aitike.

Shida ni kwamba barabara ya Mbau ilikuwa mikononi mwa watu wenye silaha. Mama alimsihi koko asiende, wapi! Koko alikuwa amekwisha kupata nafasi kwenye lori la wachuuzi. Mimi niliogopa kweli kweli kwamba lori likiondoka na Muhindo sitamwona tena.

Juma hilohilo akaja daktari mmoja mwanamke, mtafiti, akipita nyumba kwa nyumba kutafuta watoto waliochelewa kutembea au kusema, ajue ni wangapi na kwa nini. Koko alimpa kiti.

"Mama, huyu mutoto anasikia?" daktari akauliza.

"Muhindo? Anasikia sana, munganga!" mama akajibu. "Namuonyesha bidon, anakimbia kuchota maji. Huyu dada yake njo hapana sikia hata kidogo!"

Kwetu mtoto anayesikia ni mtoto mtiifu. Basi daktari akanigeukia mimi, jeuri wa nyumba, kwa huruma kubwa, akapiga sufuria nyuma ya kisogo changu. Niliruka nikapiga yowe. Koko alicheka mpaka kitenge kikamlegea.

"Mais, lakini huyu anasikia!" daktari akasema.

"Masikio, ndiyo," mama akasema. "Kichwa njo kigumu."

Daktari akaenda nyuma ya Muhindo, aliyekuwa akisukuma gari lake la waya, akapiga sufuria ileile. Hakugeuka. Akapiga tena. Hata kope haikucheza.

Kicheko kikatukauka mdomoni. Daktari aliuliza habari za ile homa, mama akasimulia huku akilia. Akaambiwa homa kali ya namna ile inaweza kuua masikio, na mtoto asiyesikia maneno hana pa kuyaokota.

"Donc, kumbe hata nikimuita kule Mbau, hatasikia," koko akasema.

"Hatasikia, mama."

"Basi lori liende zake. Tutamuita na mikono."

Nilifurahi nikamkumbatia daktari wa watu, ambaye alikuwa bado ameshika sufuria yetu. Koko alimbunia Muhindo jina la mkononi, vidole viwili shavuni, penye kishimo chake, na nyumba nzima tukalifuata. Mengine tuliyabuni wenyewe kadiri alivyokua.

Baadaye, njia ilipotulia, koko alitupeleka Mbau hata hivyo. Alisimama kando ya barabara, akagusa shavu. Muhindo akaja mbio akicheka kwa sauti kubwa.

"Munaona?" koko akasema. "Si nilisema sauti yake iko huku?"

Leo ninafanya kazi ya yule daktari. Siulizi kama mtoto anasikia. Namwomba mama amwite mtoto akiwa amempa mama mgongo, na mtoto asipogeuka nauliza kwa maneno ya koko, ili nijue ugonjwa ulianzia wapi: sauti yake ilibaki wapi? Sijakutana bado na mama asiyejua mahali.